Kitabu cha Nyimbo za Sita Dirishani kwa Vasudha

Mwanamke mbishi kama Vasudha Phadnis sijamwona katika jiji zima la Pune. Nasema mimi, jirani yake muuza bangili, niliyechoka kugombana naye. Duka lake la vitabu ndilo urithi pekee aliouachiwa na marehemu mumewe. Likiungua, hana pengine pa kwenda.

Msimu ule Profesa Hemlata Tambe alikuwa anatukanwa kila kona. Kosa lake? Alikusanya nyimbo wanazoimba wanawake wa vijijini wakisaga nafaka, zile ambazo Sita, mke wa mungu Rama, anamlaumu mumewe kwa kumfukuza akiwa mjamzito, akazitia kitabuni. Magazeti yakapiga kelele kwamba amemtukana mungu. Wauza vitabu wote wakakificha. Vasudha akakipanga dirishani!

"Shemeji, kitoe," nikamsihi. "Watakuchomea duka hawa watetezi wa dini."

"Mama yangu aliziimba kila alfajiri. Naye alimtukana mungu? Nenda kauze bangili zako."

Jioni wakaja, vijana kibao, vitambaa vya rangi ya zafarani, rangi ya dini yetu, shingoni, mmoja na kopo la mafuta ya taa. Mbele yao Omkar, kijana wa mtaani kwetu. Nilikimbilia dukani kwa Vasudha.

"Shangazi, toa kitabu tukichome. La sivyo tunachoma vyote," akafoka Omkar.

"Umekisoma?"

"Uchafu hausomwi!"

Akakinyakua, Vasudha akaking'ang'ania. Wakavutana weee, kikaanguka, na Omkar akakikanyaga.

Mama wee! Kwetu Wahindu kitabu ni Saraswati, mungu mke wa elimu. Ukikigusa kwa mguu unamwomba radhi, tumezoezwa hivyo kabla hata ya kujua herufi. Omkar hakufikiri. Aliinama, akakigusa kwa vidole, kisha akagusa paji lake la uso, mara mbili, macho kayafumba.

Halafu sauti ikatoka nyuma: "Unakiabudu? Msaliti we! Kichome!"

Omkar akakiokota, akakitazama. "Jamani, ngojeni... mimi siwezi."

Jiwe la kwanza lilimpata begani.

Vasudha alimkamata shati, akamvuta ndani, akateremsha mlango wa chuma. Mawe yakaanza kuugonga. Harufu ya mafuta ya taa ikapenya chini ya mlango, nami humo ndani nikawalaani wote, Vasudha wa kwanza.

"Shangazi," Omkar alisema, "nitatokaje?"

"Hutoki. Kaa hapo, usome."

Omkar, kitabu bado mkononi, akafungua ukurasa wa kwanza.