Chai ya Mara ya Tatu

Tarehe 14 Mei 2009, ukurasa wa sita wa gazeti la serikali ulitangaza kwa mistari miwili kwamba Dervla Considine, karani wa mahakama, ameteuliwa kuwa mpelelezi wa makosa ya Watu Wema katika jiji la Limerick. Hakukuwa na mwombaji mwingine. Watu Wema ni jina la adabu. Jina halisi la hao wakaao chini ya vilima halitajwi ovyo, kama wengine wasivyotaja nyoka usiku.

Dervla ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili. Akienda kazini hugeuza koti lake la mvua, bitana ikawa nje, na kila mfuko una msumari wa chuma, kinga dhidi ya hao. Hali wala hanywi kwa watu. Husema mumewe alimkimbia kwa sababu hiyo, ingawa dada yake ana maelezo mengine. Kesi zake nyingi huisha kwa barua.

Alhamisi hii saa nne asubuhi aliingia ofisini kwake Attracta Tuohy, mwenye umri wa miaka sitini na minane, akaketi bila kuvua skafu.

"Mume wangu hayupo nyumbani," alisema.

"Tangu lini?"

"Jumanne. Yuko mmoja amekalia kiti chake, kavaa soksi zake. Lakini siye."

"Bi Tuohy, kila mwaka wanawake sita huniambia maneno hayohayo. Nikichunguza, nakuta ni waume zao kabisa. Bahati mbaya tu."

"Usinifanyie mzaha, mwanangu. Jumanne usiku nilimwuliza, Fergal, chai? Akasema ndiyo."

"Akasema ndiyo?"

"Mara ya kwanza! Papo hapo! Nimeolewa naye miaka arobaini na mmoja, hajawahi kukubali kabla ya mara ya tatu. Hata hospitalini, ametoka kupasuliwa, nesi anamkaribisha chai, yeye anasema usijisumbue, mama, usijisumbue."

Dervla aliweka kalamu chini.

Pale mjini mtu akikaribishwa chai hukataa, akakaribishwa tena akakataa, ya tatu akapokea. Kupokea mara ya kwanza ni ulafi. Kukataa mara ya tatu ni kumtukana mwenye nyumba. Watu Wema wanalijua hilo vizuri kuliko padri. Wakimchukua mtu, huacha nyumbani kwake gogo lenye sura yake. Sheria yao inawataka wamkaribishe mateka mara moja kwa siku, kengele ya kanisa inapolia saa kumi na mbili jioni. Akikataa mara tatu, ni lazima wamwachie. Akinywa, ni wao. Miaka michache iliyopita walimchukua mtalii Mholanzi. Alikataa mara tatu bila hata kufikiri, akarudi kulalamika kuhusu unyevu. Wenyeji wa Limerick waliofika jioni ya tatu ni tisa. Dervla hajamrudisha hata mmoja.

Jumanne, Jumatano. Leo ilikuwa ya tatu.

"Alikwenda wapi Jumanne?"

"Kukata matawi. Ule mti wa miiba juu ya kilima, nyuma ya nyumba zetu, ulikuwa unaziba dirisha la jikoni. Nilimwambia ni wa Watu Wema, usiguse. Akasema atakata kidogo tu."

Walikwenda kwanza nyumbani. Yule wa kitini alikuwa na sura ya Fergal, masharubu ya Fergal, na hata namna yake ya kuguna. Lakini shingo yake ilikuwa imeanza kuwa na gome kama la gogo, na alipumua kwa shida. Jirani, Concepta Meaney, alikuwa akimpangusa paji la uso.

"Niachieni mimi," alisema Concepta. "Kama siye, basi ni mgonjwa wa mtu fulani."

Kilima kile cha duara kimezungukwa na nyumba mia mbili. Wajenzi walipofika hapo walipinda barabara. Kutwa nzima Dervla alikizunguka kwenye mvua akigonga ardhi kwa msumari. Mara mbili alihisi mlango, mara mbili ukahama. Saa kumi na moja na nusu mapigo ya msumari yalianza kutoa mlio wa shimo, chini ya tawi lililokatwa. Akamwita Attracta asogee.

"Sikiliza," alimwambia. "Siruhusiwi kuingia. Naruhusiwa kuita. Lakini hapa mlangoni usiseme uongo hata mmoja. Uongo ukisemwa hapa huwa kweli kabla ya alfajiri."

"Fergal!" Attracta aliita. "Unanisikia?"

Sauti ilitoka chini, ya mbali, yenye aibu. "Attracta? Nitakuja sasa hivi. Wananiandalia kitu."

"Usinywe, baba!"

"Nimeshakataa mara mbili. Huyu mama kahangaika, katoa vikombe vizuri. Nitamwambia nini?"

"Mwambie hapana!"

"Mara ya tatu? Mimi nililelewa wapi, zizini?"

"Ulilelewa na mama yako, ndiyo maana tuko hapa!"

Dervla alitazama saa. Zilibaki dakika kumi na moja. Mtu wa Limerick ana udhuru gani wa kukataa chai bila kuvunja heshima? Ugonjwa hautoshi, chai ni dawa. Haraka haitoshi. Alijua kuna udhuru mmoja tu, na hakuthubutu kuutamka, kwa kuwa ungekuwa uongo na ungeua mtu.

Simu yake ikalia ikiwa imebaki dakika moja. Ilikuwa Concepta.

"Amekata roho," alisema Concepta. "Katulia kama mtoto. Nimeshampigia padri, kaandika jina la Fergal. Jumamosi saa tano. Na mkate wa sandwichi nimeagiza, msijisumbue."

Dervla alipiga magoti kwenye matope, mdomo karibu na nyasi. Kengele ilikuwa imeanza.

"Fergal Tuohy! Kuna maziko!"

"Ya nani?"

"Ya Fergal Tuohy, wa nyumba namba kumi na tisa. Jumamosi saa tano. Mkeo yuko huku nje na sandwichi hazijatengenezwa!"

Kengele iliendelea. Attracta alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Dervla kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Chini kikombe kiligonga kisahani.

"Samahani sana, mama," walimsikia Fergal akisema. "Ningekaa. Lakini nimefiwa."

Nyasi zilifunguka kama mdomo wa mfuko. Alitoka kwa magoti, amelowa, nusu ya kofia yake imeliwa na kitu. Attracta alimpiga kofi begani, kisha akamkumbatia. Dervla alimwangalia masharubu. Yalikuwa yakitiririka maji, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Ulikunywa?"

"Kilikuwa kimefika hapa." Aligusa kidevu.

"Kidevu, au mdomo?"

Fergal alijipangusa masharubu. "Hapa," alirudia.

Dervla aliandika neno hilo, akapiga mstari chini yake.

Jumamosi saa tano asubuhi yule mwingine atazikwa katika kaburi la ukoo wa Tuohy, na Fergal atabeba jeneza, mbele, upande wa kushoto. Kuanzia Jumatatu ataripoti ofisini kwa Dervla kila wiki, kwa mwaka mmoja, hadi ijulikane kama ni wa mkewe au wa Watu Wema.