Pale Neno Lilipokatikia

Dada yangu ni fundi cherehani, na kitu chochote cha thamani kikiingia nyumbani kwake lazima kifungiwe. Sukari inafungiwa. Mkasi mkubwa unafungiwa. Tangu wezi walipopenyeza mti dirishani wakavuta vitambaa vya wateja, alinunua kabati la chuma na ufunguo wake akauvaa shingoni. Mimi humcheka, naye huniambia nikacheke kwangu.

Mumewe tunamwita Kipaza. Alikuwa mnadi sokoni, mtu wa kukuuzia kitanda kibovu ukarudi nacho nyumbani umefurahi. Kiharusi kilimkuta kazini, kikamwachia mguu wa kuburura na mdomo usiomtii. Akili yake ilibaki nzima, na hilo ndilo lililotuuma, maana ulimwona akilitafuta neno, analipata, halafu halitoki.

Mwalimu wa matamshi alikuwa anakuja mara moja moja kutoka hospitali. Akiondoka anatuachia video alizojirekodi mwenyewe. Anaanza neno uso mzima ukionekana, kisha katikati ya neno picha inahamia mdomoni tu, mgonjwa aone ulimi unavyokwenda. Kioo cha simu kilikuwa kidogo kwa macho ya shemeji. Basi mpwa wangu, kabla hajahamia mji mwingine kikazi, aliziweka video kwenye kompyuta ya chumba cha kushonea, zikawa zinarushwa hewani kwa intaneti ya nyumbani hadi kwenye mashine yake ya gemu, iliyounganishwa na televisheni sebuleni. Shemeji anabonyeza pedi ya mashine hiyo kwa mkono ulio mzima, mwalimu anatokea mkubwa ukutani.

Video hizo zilikuwa zinakwama. Sote tulijua zinakwama, tukazoea.

Mchana mmoja mwalimu alikuja, akaketi mbele ya shemeji. "Haya mzee, nikaribishe kwako."

Shemeji akavuta pumzi. "Kari," akasema, kisha akaganda, mdomo wazi, macho yamesimama, hata kope hazichezi. "Bu."

Mwalimu akaacha kutabasamu. "Sema chakula."

"Cha." Akaganda tena. "Kula."

"Ameanza lini hivi?"

"Siku hizi tu," dada akasema. "Mimi nilidhani ananifanyia makusudi. Namgombeza kila siku."

Mwalimu akamwambia shemeji atabasamu, ainue mikono, afuate kidole chake kwa macho. Vyote vilikuwa vilevile vya zamani. "Lakini huku kuganda ni kupya," akasema, na sauti yake haikunipendeza. "Inawezekana ni kiharusi kingine, kidogo. Siwezi kubahatisha." Akatoa simu, akaita gari la hospitali.

Shemeji alikuwa anasikia kila neno. Mkono wake mzima uliukamata mkono wa kiti mpaka vidole vikabadilika rangi. Niliogopa. Nilitamani mtu apige kelele, na kwa kawaida mtu huyo huwa mimi.

Dada hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anarudia midomoni mwake, "Kari. Bu. Kari. Bu." Nikajua amechanganyikiwa. Mara akaichukua pedi mapajani mwa mumewe, akaiwasha video.

"Kari," alisema mwalimu wa ukutani. Picha ikawa inahamia mdomoni, ikakwama. Mdomo wazi, macho yamesimama. "Bu."

"Mshono unaruka palepale," dada akasema. Akaweka ya chakula. Ikakwama palepale.

Mwalimu alikuwa amesimama. "Anaiga," akasema polepole. "Anadhani ndivyo ninavyosema." Akapiga magoti mbele ya shemeji. "Nitazame mimi, mzee. Karibu." Lakini shemeji alikuwa anaitazama simu iliyokuwa mkononi mwa mwalimu, na neno likamkatikia palepale.

"Mzee anayaogopa haya yote," nikasema. "Akiwa na televisheni hamwogopi mtu."

"Basi itengenezeni," mwalimu akasema. "Ikienda sawasawa naye akaenda nayo, nitajua ni mazoea. Asipoenda nayo, ni kichwa. Ila gari likifika tunaondoka, video imepona haijapona."

Dada akampigia mwanawe, akaweka sauti ya wazi.

"Mama, kwanza ruta iko wapi?"

"Ipo mahali salama."

"Salama wapi?"

"Si ina taa zinawakawaka, mwizi akipita dirishani ataiona! Nimeiweka kabatini. Waya nimeupitisha kwa nyuma."

"Kabati lipi, mama?"

Dada akaushika ufunguo wake shingoni. Nikajibu mimi. "La chuma."

"Jamani! Mama, umeifungia intaneti jela. Itapitaje hapo? Itoe, iweke juu, mahali pa wazi!"

Tukakimbilia chumba cha kushonea. Dada alikuwa anajaribu kuuingiza ufunguo bila kuuvua shingoni, paji la uso limegusa chuma. Nikamkatia kamba kwa mkasi mdogo. Akatoa ruta kutoka chini ya vitambaa vya suti, imepata moto, tukaiweka juu ya rafu inayotazamana na mlango wa sebuleni.

Tukauchomeka waya upya, taa za ruta zikarudi. Dada akabonyeza. "Kari," video ikasema, ikasita kidogo. "Bu."

"Bado," dada akasema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imekonda. "Mwanangu, bado."

"Imepungua?"

"Imepungua, lakini bado inasita, na baba yako anaichukua hivyohivyo!"

"Tulia mama. Angalia kwenye mashine, kuna kitu kinapakuliwa?"

Kilikuwapo, tena si kimoja. Magemu yake yote aliyoyaacha yalikuwa yamepanga foleni yanajisasisha, hakuna anayeyacheza, yanakula intaneti tu nyumbani kwa watu.

"Zima yote."

"Hata ule mchezo wa mpira unaoupenda?"

"Mama, zima!"

Honi ikapigwa nje. Mwalimu akaenda mlangoni, akamwonyesha dereva kiganja, akabaki amesimama hapo, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Dada akabonyeza. Uso ukaonekana, picha ikahamia mdomoni, na mdomo ukaenda. "Karibu," ikasema video, bila kusita popote.

Shemeji akaitazama. Dada akairudisha. Shemeji akafungua mdomo, "Kari," akaganda, nami nikafumba macho. "Bu."

Honi tena.

"Mara moja tena," mwalimu akasema mlangoni.

Video ikasema. Midomo ya shemeji ilikuwa inafuata ile ya ukutani, inachelewa, inaikimbilia. "Karibu," akasema. Akashtuka mwenyewe. "Karibu. Karibu."

"Chakula," mwalimu akasema kwa haraka, bila video.

"Chakula."

Mwalimu akaegemea mlango. "Tutakwenda daktari amtazame hata hivyo," akasema, anajifuta uso kwa mkono wa koti. "Lakini tutakwenda taratibu. Mtafutieni viatu."

Viatu nilivitafuta mimi, kwa sababu dada alikuwa ameanguka magotini pa mumewe. Kilio alichokizuia muda wote ule kilikuja chote kwa mpigo. "Nilikugombeza," alikuwa anasema. "Wewe unajifunza, mimi nakugombeza. Nilikuambia unajitia. Nisamehe, baba. Nisamehe."

Shemeji alimtazama. Ukaona analitafuta neno la kumjibu, na kwamba neno hilo hakuna aliyemrekodia. Akatikisa kichwa. Akajaribu tena.

"Maji," akasema.

Dada akaruka, machozi yakimtiririka, akaenda jikoni akarudi na kikombe, akakipeleka mdomoni kwa mumewe kama alivyozoea kumnywesha. Shemeji akageuza uso. Akamshika kifundo cha mkono, akakisukuma kikombe nyuma, taratibu, mpaka kikagusa midomo ya dada.