Mgeni wa Noeli Kafika Mapema

Noeli si sikukuu yangu, lakini mwaka ule ilinikosesha raha kama vile na mimi nimebatizwa. Mwenye makosa ni jirani yangu Irakoze. Jiko lake na jiko langu yanagawana ukuta mmoja wa mabati, kwa hiyo akiguna nasikia, akikwangua sufuria nasikia. Tangu Desemba ianze nilikuwa nasikia kukwangua tu.

Tuseme ukweli, Irakoze si mvivu. Anauza mawese kwenye soko la Rumonge, anayapima kwa chupa, na mikono yake ina rangi ile nyekundu ya mafuta mpaka kwenye viwiko, sabuni imeshindwa. Mume wake Aksanti anavua ndagala, dagaa wa ziwani, pwani ya Magara. Wana watoto watatu. Mkubwa ni Belise, ana miaka tisa, mutoto wa maswali, ukimwambia neno moja anakurudishia manne.

Shida ilianza Agosti, kwenye sikukuu ya Asomusio, ile ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mama yake Aksanti, Bibi Generoza, alikuja kutembea kutoka Muhuta akakuta watoto wanalamba chumvi viganjani huku wanasubiri ugali. Hakupiga kelele, ni mtu wa sauti ndogo. Alimwita mwanawe uani, mimi nikiwa naanika nguo zangu hapo hapo, akasema, "Nikirudi Noeli nikikuta hivi, Belise ninamubeba. Kwangu iko mihogo, atashiba." Aksanti akatazama vidole vyake vya miguu, akasema, "Sawa, mama." Mwanaume mzima. Nilitamani kumrushia shuka mbichi usoni.

Msidhani yale yalikuwa maneno ya hasira ya kupita. Huku kwetu upande wa baba ukisema mtoto anakwenda kulelewa kilimani kwa bibi yake, mtoto anakwenda, na mama atalia mpaka achoke. Dada yake Irakoze yalimpata hayo hayo, mwanawe akarudi akiwa kijana, anamwita mama yake shangazi. Irakoze alinisimulia habari hiyo mara nyingi mno Desemba ile, mpaka nikamwambia inatosha, nimeelewa.

Basi akapanga. Alitafuta ndoo ya plastiki yenye kifuniko, akaiweka chini ya kitanda. Kila akinunua mchele au maharage anatoa konzi moja, anatia ndani ya ndoo, ndipo anapika kilichobaki. Ndagala alizinunua mapema, mwezi ukiwa bado mwembamba, kwa sababu alishaona kwamba Noeli itaangukia mbalamwezi kubwa. Mwezi ukiwaka hivyo samaki hawafuati taa, wavuvi wanabaki nyumbani, na ndagala chache zilizopo sokoni bei yake huisogelei. Hapo alipiga akili, nampa haki yake. Nyama alikwisha kuifuta. Kulikuwa na majirani waliokuwa wanachanga kununua nguruwe, bei rahisi, wakamfuata ajiunge, akakataa. Akaniambia, "Mama Nuhu, kwangu hakupikwi Noeli ambayo wewe na Baba Nuhu hamuwezi kuigusa. Idi tunakula kwenu." Nilimshukuru, ingawa kwa njaa niliyokuwa naiona upande wa pili wa bati, mimi ningekuwa yeye ningekula nguruwe wangu na majirani Waislamu wangesamehe.

Maana hiyo ndoo ilikuwa inajaa kwa kutoa matumboni mwa watoto. Jumatatu maharage. Jumanne mchuzi wa maharage ya Jumatatu. Jumatano lenga-lenga, mchicha wetu wa huku, za kuchemsha na chumvi, tena bila mawese, mtu anayeshinda amesimama katikati ya mawese. Nilimuuliza Alhamisi je, akasema Alhamisi tutaona. Makaa nayo aliyapigia hesabu, akawa anawasha moto mara moja kwa siku mbili, na chakula cha siku ya pili kinaliwa baridi.

Siku moja nikashindwa kunyamaza. Nikapiga bati, nikamwambia, "Mama Belise, sisi tunafunga Ramadhani, lakini jioni tunafuturu. Hii saumu yako inafunguliwa lini?"

"Tarehe ishirini na tano, saa sita," akanijibu. Hakucheka hata kidogo.

Nikatuma sahani, ugali na mukeke wa kuchoma. Ikarudi kama ilivyokwenda, samaki hajabonyezwa hata na kidole. Akaja nyuma yake kunieleza. "Usikasirike, Mama Nuhu. Belise hajui kunyamaza. Bibi atamuuliza, na yeye atasema tunalishwa na jirani, basi, mambo yameisha." Nilikasirika vile vile. Siku mbili nzima sikumsemesha, na katika uchochoro kama wetu kutosemeshana siku mbili ni kazi kubwa kuliko kufua.

Lakini hofu yake niliiona, sikuweza kuikasirikia sana. Mtu alikuwa amekonda macho. Alikuwa anafunua ndoo asubuhi na anaifunua tena akirudi sokoni, kuangalia kama panya wamefika. Akimaliza hapo anamwita Belise, anamshika mkono, anauzungushia vidole vyake pale kwenye kifundo, anaupima. Naye Aksanti, mwezi ulivyozidi kukua, akawa anashinda nyumbani anashona nyavu, hana senti ya kuleta, na kila mkewe akimtazama anainama zaidi kwenye uzi. Nilimwambia Irakoze waziwazi kwamba chakula kile angewapa watoto sasa hivi, mama mkwe angekuta mikono imenona. Akasema akimaliza chakula sasa, siku ya Noeli ataweka nini mezani, mikono?

Mpango wake wote ulikuwa wa siku moja. Bibi Generoza huja tarehe ishirini na nne, anakula Noeli, anakwenda zake. Kitu ambacho Irakoze hakukiweka kwenye mpango ni esansi, mafuta ya magari. Mwaka ule magari yalikuwa yanalala kwenye foleni za esansi, na mtu aliyebahatika kuona gari linalotembea alipanda siku hiyo hiyo. Zikiwa bado siku kadhaa, mchana, pikapu ya mizigo ikasimama barabarani mbele yetu, akashuka Bibi Generoza na kikapu kikubwa kilichofungwa kwa kitenge.

Mimi nilikuwa uani kwa Irakoze, nimekuja kuazima kinu. Ilikuwa ni siku ya lenga-lenga. Watoto walikuwa wamekaa chini wamezunguka sufuria, na ndani ya sufuria maji yalikuwa mengi kuliko majani. Nilimwona Irakoze anageuka rangi. Alisimama mbele ya sufuria akaifunika kwa nguo yake, kama kuku juu ya vifaranga.

"Amahoro, Mama," akasema.

"Amahoro." Bibi akakaa kwenye kigoda. Kikapu akakiweka miguuni, hakukifungua, na mkazana huwezi kumuuliza mama mkwe amekuletea nini. Akawatazama wajukuu wake mmoja mmoja. Kisha akamwita Belise, akamuuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Jana mulikula nini?"

Belise akamtazama mama yake. Yule mutoto wa maneno manne kwa moja, kwa mara ya kwanza nikaona anatafuta la kusema. Mwisho akasema, "Bibi, Noeli tutakula muchele."

Hapo Irakoze alipotewa na akili. Alikimbia ndani, akatoka na ile ndoo ameikumbatia, akaiweka mbele ya bibi, akafunua. Mchele, maharage, ndagala zimefungwa kwenye gazeti, chupa ya mawese. Akawa anasema haraka haraka, "Angalia, Mama, chakula kiko. Hawana njaa. Chakula kiko, angalia." Machozi yalikuwa yanamtoka na hajui.

Bibi Generoza akaangalia ndoo, akaangalia sufuria. "Uliwanyima hawa," akasema, "ili mimi nione?"

Wallahi maneno yale yaliniuma mimi nisiyehusika. Nikajiandaa kumjibu, nimeshafungua mdomo, mila na adabu baadaye, nimkumbushe ni nani aliyekuja Agosti na vitisho vyake. Lakini bibi akasema neno moja tu. "Pika."

"Ni ya Noeli, Mama."

"Pika sasa."

Tukapika, mimi na Irakoze. Mchele wote, maana bibi alisimama pale jikoni mpaka ndoo ikaonekana chini. Maharage tuliyapa moto mkali, makaa ya siku tatu yakaenda. Ndagala tukazikaanga kwa mawese na vitunguu vyangu, Irakoze hakuwa na nguvu ya kukataa vitunguu. Alikuwa anakoroga na midomo inacheza, nikajua anahesabu, na kila hesabu inamrudisha palepale. Akaninong'oneza, "Anawashibisha kwanza kabla ya kumuchukua. Siku ya safari mutoto anashibishwa." Nikamwambia anyamaze akoroge. Moyo wangu mwenyewe ulikuwa umeshakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Sasa nieleze jambo moja. Bibi Generoza ni mtu wa zamani. Miaka yote hiyo hakuwahi kula mbele ya mke wa mwanawe. Chakula chake kilipelekwa chumbani, mlango unarudishwa, na vyombo vinatoka vimebaki nusu ili watoto wamalizie. Ndiyo heshima yake hiyo, na Irakoze aliijua, alikwisha kumpakulia sahani yake pembeni na kuifunika. Bibi hakuinuka. Alivuta kigoda, akanawa pale pale uani na wajukuu, akaanza kula.

Alikula haraka. Mtoto mdogo alikuwa bado anapuliza tonge lake la kwanza, bibi amekwisha kufika katikati ya sahani. Hakutazama mtu. Punje zilizoanguka kwenye kitenge chake akaziokota. Sahani ilipokwisha akabaki ameishika, na Irakoze, ambaye kwake kutazama kule kulikuwa ni kukosa adabu kabisa, alikuwa anamtazama. Mtu aliyepima mkono wa mtoto mwezi mzima anaijua njaa akiiona. Akachukua sahani ile mkononi mwa bibi bila kuuliza, akaijaza tena.

Belise ndiye aliyegusa kikapu, akitaka kukiingiza ndani, kikagonga chuma kwa chuma. "Bibi, umetuletea nini?"

"Fungua," akasema bibi.

Hakukuwa na mihogo wala ndizi. Kulikuwa na sufuria mbili, jembe lisilo na mpini, blanketi, kitenge cha misa, na picha ya Bikira Maria yenye ufa kwenye kioo. Nyumba nzima ilikuwa mle. Bibi akasema mvua za Novemba ziliteremsha kilima, shamba la mihogo likaenda na ukuta wa nyuma wa nyumba ukalifuata, na tangu hapo alikuwa analala kwa katekista wa huko, watu ambao hata wao hawana. Aliyasema hayo akimtazama Belise, kama kwamba ndiye anayemdai maelezo. "Kwangu hakuna kitu cha kukulisha tena," akamwambia.

Aksanti alikuwa amesimama mlangoni na sindano ya nyavu mkononi. Akalia, hakujificha. Mimi nilimsamehe Agosti yote kwa dakika ile, baadaye nikabadili mawazo kidogo.

Irakoze aliniambia kesho yake alichokisikia moyoni. Kwanza alifurahi. Belise haendi popote, furaha ikampanda mpaka kichwani. Kisha akajiona mtu mbaya, kufurahia kilima kilichobomoka. Na kabla hajamaliza kujiona mbaya, hesabu ikamrudia ikiwa imezidi, kwa sababu ndoo ilikuwa tupu, mwezi ndio kwanza unakaribia kujaa, mume haingii ziwani, na mdomo umeongezeka mmoja.

Jioni ile bibi alifunga tena kikapu chake. Akasema asipewe tabu mtu, gari la Muhuta likipatikana ataondoka, alikuja kuwasalimu tu.

"Gari halitapatikana, Mama," Irakoze akasema. "Esansi hakuna."

"Siku yoyote litakapopatikana."

"Ndiyo, Mama. Siku yoyote."

Asubuhi, kabla soko halijafunguka, nilisikia honi. Hiasi imesimama barabarani, konda ananing'inia mlangoni anaita, "Muhuta, Muhuta, Bujumbura, viti viwili." Sauti yake mtu yeyote aliyelala ndani angeisikia. Nikamwona Irakoze anatoka mbio, kitenge hakijakaa sawa, kijiko bado kiko mkononi. Nikadhani anakwenda kumshikia bibi nafasi, na sikuweza hata kumlaumu, njaa ni njaa.

Alifika mlangoni mwa gari, akamwambia konda apunguze sauti. "Hapa kwetu hakuna anayekwenda Muhuta," akasema, akasimama pale mpaka gari likaondoka. Kisha akarudi jikoni, akaongeza maji kwenye uji.