Nusu ya Pili ya Uso

Katika duka la vipodozi la Philister, ghorofa ya kwanza ya jengo moja la barabara ya Tom Mboya, uso wa mteja ulipakwa nusu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya duka. Mteja akishaketi kwenye kiti kirefu mbele ya kioo chenye taa, Kasyoka alimpaka upande wa kushoto peke yake: faundesheni ya rangi ya ngozi yake, nyusi, kope, wekundu kidogo shavuni. Kisha alimsogezea kioo na kunyamaza. Mteja alijiona watu wawili, mmoja amependeza na mwingine yuko vile alivyoamka. Wengi hawakuvumilia, wakanunua.

Asiyenunua alipewa tishu ya kujifuta, akaagwa kwa heshima. "Nusu ya pili ni ya mwenye kununua," Philister alizoea kusema, na usidhani aliona haya. Alianza kwa kuuza wanja na vitana kando ya barabara, akikimbizana na askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, na huo mtindo wa nusu uso ndio uliompandisha ngazi mpaka ghorofani.

Kasyoka alikuwa mwaka wa pili katika kazi hiyo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na jicho lake lilijua rangi ya mtu kabla hajaketi. Lakini ungemuuliza amewahi kumaliza nyuso ngapi, angekuna kichwa. Alimaliza uso wa dada yake Maureen siku ya ubatizo wa mtoto, wa marafiki wawili wa kanisani, na wake mwenyewe. Msichana amesomea upambaji, cheti anacho, halafu kazi yake ni nusu! Hata fundi viatu hukurudishia viwili. Jambo hilo lilimuuma, hasa alipowaona akina mama wakishuka ngazi huku wakisugua shavu moja kwa tishu kama waliopigwa kofi.

Ndipo akaja Wanjugu, msichana wa Kinoo aliyefanya kazi kwenye ofisi moja ya bima hapo mjini. Aliketi, akapakwa, akajitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Na hii side ingine?"

"Hiyo ni mpaka ununue."

Wanjugu alicheka mpaka nyusi ile mpya ikacheza. "Wewe! Sasa nitarudi ofisi hivi? Haya, mimi sinunui. Lakini niko na ruracio yangu Jumamosi ingine, wanaleta mahari, na bado sijapata mtu wa makeup. Kuja unimalizie kwetu."

Kasyoka alitazama huku na huku, akampa nambari yake ya simu chini ya kaunta.

Mambo yana tabia ya kuja yakiwa yameshikana mikono. Wiki hiyo hiyo Philister alimwita pembeni akamweleza kwamba anafungua kaunta mtaa wa Karen, kwenye jengo jipya la maduka, na anayemtaka huko ni yeye. Kazi ya kudumu, mkataba wa maandishi, bima ya matibabu, likizo. Masharti yalikuwa mawili tu: Jumamosi zote na Jumapili mchana awe kaunta, na kazi za pembeni asizifanye kabisa.

"Nataka jibu Jumatatu baada ya hiyo off yako," alisema Philister. Off yenyewe ilikuwa ya asubuhi tu. Kasyoka alikuwa ameomba ruhusa ya Jumamosi akidai ana shughuli ya kifamilia, ambayo si uongo kabisa, ila familia haikuwa yake. "Saa sita uwe hapa. Si saa saba."

Sasa harusi na ruracio za Nairobi ni Jumamosi. Anayekubali kukaa kaunta kila Jumamosi amekubali kutopamba bibi harusi hata mmoja maishani. Kasyoka alilijua hilo kabla Philister hajamaliza kusema, na usiku huo alimweleza Maureen nyumbani kwao mtaa wa Jamhuri, wakichagua mchele.

Maureen ndiye aliyemlipia karo ya chuo kutoka mshahara wake wa karani wa serikali, na ndiye aliyempa chumba. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Sasa wewe unafikiria nini hapo? Unapewa kazi Karen, unaniambia Jumamosi?"

"Nataka kujaribu yangu, Maureen."

"Yako ni gani? Kungoja simu ilie? Mwezi wa harusi utakula, mwezi ingine utakaa ukiangalia hizo brashi." Alitikisa sinia, akapunguza sauti. "Mimi sikufukuzi, Kasyoka. Lakini hawa watoto wanakuwa wakubwa, na hiyo room watahitaji. Ukitoka hapa, nataka utoke ukiwa umesimama."

Kila neno lilikuwa kweli. Aliogopa. Aliogopa kungoja simu isiyolia, na aliogopa vilevile kuzeeka akipaka mashavu ya kushoto. Akaamua kwamba Jumamosi ya Kinoo ndiyo itakayoamua. Kama ataweza uso mzima, mbele za watu, basi atajitegemea. Kama hataweza, Karen si mbali.

Alifika Kinoo jua likianza kuwaka. Hema lilikuwa limesimamishwa uani na masufuria yalikuwa motoni. Msimamizi wa yote alikuwa Mama Kiarie, shangazi yake Wanjugu, mwanamke mpana mwenye kofia ya kanisa na sauti ya kutosha hema zima bila kipaza sauti. Alimkagua Kasyoka mkobani na usoni.

"Wewe ndio wa kupaka? Na ni kadogo hivi!"

"Ni mimi, Auntie."

"Haya, ingia. Mtoto wetu asitoke hapo akikaa mzungu."

Kasyoka alipaka. Shavu la kushoto likamalizika, na mkono ukataka kusimama wenyewe kwa mazoea, ikabidi auhimize. Alipovuka pua kwenda upande wa kulia alihisi kama mtu anayeingia chumba cha nyumba yake alichokuwa amefungiwa. Alipomaliza, uso wa Wanjugu uling'aa kwa unyevu laini, ule ule mng'ao uliouza bidhaa chini ya taa za Tom Mboya. Wasichana chumbani walipiga vigelegele. Mama Kiarie aliingia, akashika kiuno.

"Ngai! Huyu ni Wanjugu wetu?"

Poda ilikuwa mkobani, na ikabaki humo humo. Chuoni Kasyoka alifundishwa kwamba mwisho wa yote ni poda, ndiyo inayoshika rangi isihame. Dukani alifundishwa kuisahau. Philister hakutaka poda karibu na kile kiti, maana inaua mng'ao, na mteja wa dukani haketi hata robo saa. Mkono wa Kasyoka ulifanya ulichozoea kufanya, naye hata hakugundua.

Wageni wa upande wa bwana harusi walipokwisha kupokelewa langoni, ukafika ule mchezo wa kumficha bibi harusi. Wasichana hufunikwa leso kichwa mpaka miguu, wakapangwa mstari, na bwana harusi akamtafute wake kwa kubahatisha. Akikosea anatozwa faini, na akina shangazi wanacheza mpaka vumbi linatimka. Kasyoka alikuwa ameutazama mchezo huo mara nyingi kwenye simu, kama Mkenya yeyote. Ila hakuwahi kujiuliza hiyo leso inagusa nini huko ndani.

Mama Kiarie alikuwa amejiandaa kwa faini. Alitafuta wasichana wa kimo kimoja, akawavisha soksi za aina moja ili miguu isimsaliti mtu, akanunua leso mpya zinazofanana, za rangi ya maziwa. Akawafunika kwa mkono wake, akazikaza vichwani, akawatoa juani. Mshereheshaji akaanza maneno yake, na maneno ya mshereheshaji hayana haraka.

Kasyoka alikuwa mlangoni, mkoba begani, tayari kuondoka arudi mjini. Bwana harusi, kijana mrefu aitwaye Jamleck, alipita mbele ya leso ya kwanza akitikisa kichwa. Akapita ya pili. Mbele ya ya tatu akasimama, akainama, kisha akapasuka kicheko.

Uso mzima ulikuwa umejichapa kwenye leso kutoka ndani. Nyusi mbili, mashavu ya kahawia na mdomo mwekundu mahali pake. Kasyoka alikuwa amemaliza uso kweli, ila ulikuwa umehamia kwenye kitambaa.

"Huyu ni wangu," alisema Jamleck. "Hata ameniwekea picha!"

Upande wa bwana harusi waliruka kwa shangwe. Upande wa bibi harusi walinyamaza, na faini ya Mama Kiarie ikaenda na maji. Leso ilipofunuliwa, Wanjugu alikuwa na nyusi moja na nusu na kidevu chekundu. Alipoona nyuso za watu alijishika shavu, akatazama vidole vyake, akakimbilia ndani.

Kasyoka alitamani ardhi imfiche. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni: Philister. Ilikuwa bado mapema kidogo. Akitoka wakati huo angefika dukani saa sita, na kazi aliyoitiwa, kwa maana ya kazi, alikuwa ameifanya. Watu wa Kinoo hawakujua hata anaishi wapi.

Alimkuta Wanjugu ameketi kitandani, kitambaa machoni.

"Usiende," Wanjugu alisema. "Tafadhali. Sasa hivi wataanza picha."

Kasyoka akatoa simu, akaandika, "Madam sitafika leo. Pole sana," akaizima. Kisha akaomba beseni la maji na sabuni, akauosha ule uso wote mpaka ngozi ikabaki ngozi.

Safari hii alipaka kidogo. Kila alichoweka alikifuata na poda, akikibonyeza kwa sponji, akingoja, akibonyeza tena. Mng'ao wa dukani haukuwepo. Alikuwapo Wanjugu, ametulia, mzuri, na mtu angemjua. Mama Kiarie alitokea mlangoni na leso ile ile iliyochafuka mkononi.

"Unajua nimetafuta hizi soksi duka ngapi?"

"Nisamehe, Auntie. Kosa ni langu. Nilisahau poda."

Mama Kiarie alikunja leso mpaka akapata pembe safi, akamgandamizia mpwa wake shavuni kwa nguvu, akaiinua mwangani. Nyeupe. Akagandamiza kidevu. Nyeupe.

"Mm," alisema. "Toeni huyu mtoto nje. Na huyu wa makeup apewe chakula."

Kasyoka aliketi karibu na jiko na sahani ya mukimo, akautazama uso ule. Wanjugu alikula, akacheka, akafutwa jasho na mama yake, akakumbatiwa na wazee, akalia wakati wa maombi na kucheza baadaye. Uso ulikaa. Kwa miaka miwili Kasyoka hakuwahi kujua nyuso zake huenda wapi zikishashuka ngazi. Huu aliuona ukiishi siku nzima, na furaha iliyomjaa ilimfanya asahau kula.

Jumatatu alifika dukani akijua anafukuzwa. Alimweleza Philister yote bila kuficha: Kinoo, leso, poda. Philister alisikiliza amekunja mikono. Walipofika kwenye nyusi za kitambaani alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akaketi.

"Sasa ulipaka mtu wa ruracio kama customer? Kasyoka! Hiyo shine ni ya kuuza, si ya kuvaa!" Akapangusa machozi, akawa Philister tena. "Umenidanganya, na Jumamosi tumefanya kazi tukiwa wachache. Hiyo tutaongea. Lakini sina mtu ako na mkono kama wako. Karen bado ni yako. Unaenda ama huendi?"

Hilo Kasyoka hakulitegemea. Angefukuzwa, jambo lingekuwa limejiamua lenyewe. Sasa mlango ulikuwa wazi, na alimwona Maureen na sinia lake la mchele kana kwamba amesimama hapo.

"Naomba nimalizie huyu mama kwanza, Madam."

Kwenye kiti alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, mwalimu, amekuja mjini kwa mahafali ya mwanawe alasiri hiyo. Kasyoka alimpaka shavu la kushoto, akamsogezea kioo. Mama alijitazama, akatabasamu kwa upande mmoja. Aliuliza bei ya hiki, bei ya kile, tabasamu likapungua.

"Ni poa sana, mwanangu. Wacha nifikirie, nitarudi." Akanyoosha mkono kuchukua tishu mwenyewe. Alionekana kuujua mtindo huo.

"Kaa, mama," Kasyoka alisema. "Sijamaliza."

"Lakini mimi sinunui."

"Najua. Kaa tu."

Akampaka upande wa kulia. Hakugeuka kumtazama Philister, lakini alisikia visigino vyake vikija na kusimama nyuma ya kiti. Nyusi ikafuata nyusi, shavu likalingana na shavu. Mkono wake ulitulia kabisa. Alipomaliza alinyoosha mkono kutafuta poda, akakumbuka kwamba poda haikai kwenye meza ile.

Kikopo kilitua mbele yake, kipya, kimetolewa rafuni, na kifuniko kimeshafunguliwa.

"Hilo ndilo jibu?" Philister aliuliza.

"Ndiyo, Madam. Karen siendi."

Philister alivuta pumzi, akatazama kioo, humo mlimokuwa na mwalimu mmoja mzima akijigeuza kushoto na kulia asijue amependeza wapi zaidi.

"Basi bonyeza vizuri," alisema. "Na hicho kikopo uende nacho."