Binti Aliyejifunza Kukaa Kama Mama Yake

Saa moja asubuhi, pasi ya kwanza imeshika moto. Mama Pasi, kama wenzake wa udobini wanavyomwita, analaza shati mezani: kola, mabega, mikono, kifua mwisho. Anaegemea mguu wa kushoto, maana nyonga ya kulia imechoka. Miaka kumi na tisa, mashati sitini kwa siku, yote kwa kusimama.

Kwa kusimama huko amemsomesha binti yake wa pekee, ambaye sasa anauza bima kwa simu katika mji mwingine.

Mwaka jana ofisi ilimpeleka binti kwenye mafunzo ya kuiongoza akili kwa maneno, ambayo wenyewe huyaita upangaji wa neva na lugha. Alipokuja likizo, mama alimwona ameketi upande, uzito wote kushoto. Mama akijinyoosha, naye anajinyoosha. Moyo ukampiga paa: kumbe nyonga hii ni ya ukoo! Akachemsha maji, akatafuta dawa ya kuchua, akamwamuru alale kifudifudi.

"Siumwi, mama," binti akasema. "Nakuakisi. Ukikaa kama mwenzako alivyokaa, ukapumua kama yeye, mnajenga ukaribu."

"Ukaribu gani tena, mwanangu? Miezi tisa tumboni haikutosha?"

Wakacheka. Papo hapo binti akambonyeza bega. Hiyo, alieleza, ni nanga: furaha hufungwa kwenye mguso, ukibonyezwa tena inarudi. Siku ya kuagana, mama alipoanza kulengwalengwa na machozi, kidole kikarudi begani.

"Nilitaka tulie wote," anasema, akinyunyizia kola maji. "Yeye akanibonyeza kama kengele."

Mwenzake wa meza ya pili humtania kwamba mwanawe amekuwa mganga wa simu. Mama Pasi hucheka, lakini si sana.

Siku hizi wana simu ya Jumapili tu. Mama akisema nyumba imepoa, huambiwa abadili fremu, yaani alitazame jambo kwa upande mwingine: asiseme upweke, aseme nafasi.

"Nafasi ninayo," anasema. "Mtu ndiye sina."

Hayalaani mafunzo. Binti amepanda cheo, wateja wanampenda. Anachowaonya wazazi wenzake ni kimoja: mtoto akianza kukubaliana nawe kila neno, usipige vigelegele. Wa kwake alikuwa mbishi, mtu wa kununa siku mbili kwa ajili ya sketi. Ubishi ule mama aliujua, na ndani yake alimwona mwanawe.

Mwezi ujao Mama Pasi ana likizo ya siku nne, na tiketi ya kwenda kwa binti ameshakata. Hatabisha wala hatahubiri. Binti akienda kazini, atafungua kabati lake na kulipanga upya lote, jambo ambalo tangu utotoni lilikuwa likimpandisha mori.

"Akirudi akinifokea," anasema, akigeuza shati, "nitajua nimefika."