Machozi ya Upande Mmoja

Mjukuu wangu alitibiwa saratani ya tezi ya shingo kwa dawa ya iodini yenye mionzi. Saratani ilipona, lakini miezi kadhaa baadaye jicho lake moja likaanza kuvuja machozi, akaona haya kutoka nje. Nilimwambia aketi. Yaliyompata nayajua, ingawa langu lilianzia kwenye mafua mabaya, wala si dawa.

Kwenye kona ya jicho, karibu na pua, kuna tundu dogo sana. Machozi hupita humo yakashukia puani, ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi. Njia hiyo ikiziba, machozi hayana pa kwenda ila shavuni. Huna huzuni yoyote, lakini watu wanakuona unalia kutwa.

Mimi yalinipata miaka ya hamsini, nikiwa mke mpya Nachingwea. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya karanga, akifuata matrekta kung'oa visiki. Kwa desturi yetu Wamwera angehamia yeye kwetu, Likunja, lakini kazi ikanihamisha mimi. Kwa hiyo mjomba wangu, kaka wa mama na mwenye neno juu yetu, alimtilia shaka tangu mwanzo.

Kisimani wanawake waliniona nikipangusa jicho asubuhi, wakaniona tena jioni. Mmoja akaniuliza, wote wakisikia, kama ninapigwa kwa mkono au kwa fimbo. Nilipomweleza mume wangu, hakula. Alikwenda mlangoni na kurudi, akaenda tena, kisha akaamua kuteka maji yeye mwenyewe ili watu wasinione. Hapo ndipo alipoharibu. Sasa wakasema amenifungia ndani.

Habari zikafika Likunja pamoja na wauza ufuta. Mjomba akatuma neno kwamba anakuja kunichukua. Siku zile za kumngoja sikutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilipaka wanja, ukachuruzika, nikatisha zaidi. Mume wangu kila akipita alinichungulia jicho, mpaka nikamkemea.

Mjomba alipofika alikataa kuketi. Alisema nifunge mkeka wangu. Nilimwomba kitu kimoja tu, tupite kwanza zahanati, sote watatu.

Mganga wa pale alinibonyeza kona ya jicho, usaha ukatoka. Mjomba akasema hata jicho lililopigwa hutoa usaha. Mganga hakubishana naye. Alitia tone la dawa chungu katika jicho langu zima, akaniambia ningoje. Baada ya muda uchungu ukanifika kooni, nikakunja uso. Akatia katika lile bovu. Tukangoja. Tone likateremka shavuni, ulimi haukuonja kitu.

"Nitie na mimi," mjomba akasema.

Akatiwa. Alikaa akimeza mate, kichwa kimeinama kama anayesikiliza, mpaka naye akakunja uso. Mume wangu alitaka kucheka, akajizuia.

Mganga akanionyesha namna ya kukanda ile kona kwa kidole safi, kushuka kuelekea puani, akasema isipofunguka nitapelekwa Lindi kupasuliwa. Baadaye nilipasuliwa kweli, na jicho likakauka. Ndiyo maana nimemhimiza mjukuu wangu asijifiche, amwone daktari wa macho mapema.

Lakini siku ile mjomba alikuwa hajamaliza. Akanigeukia.

"Hilo bovu nimelielewa. Hilo zima, je, hulia?"

"Halijalia, mjomba."

Akasema atalala kwetu aone mwenyewe.

Asubuhi tulimsindikiza kwenye lori la Ruangwa, arudi Likunja. Hakusema neno kuhusu mkeka, nami sikuthubutu kuuliza. Aliponipa mkono nikakumbuka nyumbani, nikashtukia mashavu yote mawili yamelowa. Alikuwa amekwisha kupanda. Akashuka, akanishika kidevu, akaangalia upande huu, akaangalia na ule. Mume wangu hakujua aweke wapi mikono yake.

"Na hili zima?" mjomba akauliza.

"Hili ni lako, mjomba. Unaondoka."

Utingo akagonga bodi ya lori. Mjomba aliniachia kidevu taratibu, akamwambia mume wangu, "Maji akateke mwenyewe, mkwe. Watu wamwone."

Akapanda.