Ripoti ya Pili ya Fundi Nthenya

Saa mbili kasorobo asubuhi, Nthenya Kimanzi anapiga magoti kwenye tope la shamba la mtu, kilomita chache nje ya Tala. Kwa mteja hajafika. Ruta hajaiona, kompyuta hajaigusa. Anaifuata kebo nyeusi kwa mkono, hatua kwa hatua, kutoka nguzo ya barabarani hadi duka la pembejeo ambalo tangu jana halina mtandao.

"Zamani ningeingia ndani moja kwa moja, nikae kwa kiti, nibonyeze," anasema bila kuinua kichwa. "Sasa naanza huku. Lakini mtu mwingine ndiye alilipia hayo masomo yangu."

Ana miaka ishirini na tisa, diploma ya mawasiliano, ngazi ya aluminiamu na pikipiki ya kampuni. Analipwa shilingi mia saba kwa kila hitilafu anayoimaliza. Hitilafu ikirudi ndani ya siku thelathini, anakwenda tena bure, isipokuwa kosa liwe la mteja. Masharti hayo anayataja haraka haraka, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

Mtandao, anaeleza, ni matabaka. Chini kabisa kuna kebo na nuru inayopita ndani ya uzi wake wa kioo. Juu yake kuna vifaa vinavyozungumza, kila kimoja na jirani yake. Halafu anwani, zinazouonyesha ujumbe pa kupita. Halafu kazi ya kuhakikisha kilichotumwa kimefika chote. Juu kabisa ni kile anachokiona mtu kwenye kioo: fomu, ukurasa, jina la mgonjwa.

"Mwalimu wetu chuoni alitupigia kelele kila siku: hakikisha tabaka la chini kabla hujashuku la juu. Huo mtihani nilipata A," anasema. Hacheki.

Mwezi Machi alitumwa kwenye zahanati ndogo ya kanisa, upande wa pili wa kilima. Mtandao ulikuwa unapotea kila alasiri. Wagonjwa walikaa kwenye benchi hadi jioni, kadi zao hazifunguki kwenye kompyuta.

Karani wa mapokezi, Wanza Muthoka, alikuwa amejaribu kujisaidia. Alimpigia binamu yake simu, akaelekezwa abadilishe anwani ya kompyuta. Akabadilisha, mambo yakazidi kuharibika. Nthenya alipofika, Wanza alimweleza yote bila kuficha.

"Alinionyesha mwenyewe alipobonyeza," Nthenya anakumbuka. "Nikaona nimepata mwizi."

Alirudisha anwani, akajaribu, mtandao ukapita. Ilikuwa asubuhi. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na kebo ilipita mita mia nne kwenye mashamba. Hakuikagua. Alirudi mara mbili zaidi wiki hiyo, zote asubuhi, zote akamkuta Wanza amebonyeza hiki au kile akitafuta nafuu. Mara ya tatu aliandika ripoti akiwa ameketi kwenye kiti cha Wanza: *Mtandao wetu hauna hitilafu. Mtumiaji anavuruga mipangilio.*

Ziara zote tatu zililipwa, kwa kuwa kosa lilihesabiwa la mteja.

Kamati ya zahanati iliisoma ripoti hiyo. Aprili, Wanza aliachishwa kazi ya shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi, aliyoifanya miaka sita.

Mtandao uliendelea kupotea. Mei, karani mpya alipolalamika vilevile, Nthenya alivaa gambuti akapita mashambani. Katikati ya njia aliikuta kebo juu ya ua wa minyaa, imekunjwa mzingo mdogo usiozidi upana wa kikombe, imefungwa kwa kamba ya mkonge na kutundikwa kwenye tawi.

Walioitundika, tangu kabla ya Machi, walikuwa kina mama wa mwethya, kikundi cha majirani wanaochimbiana makinga maji kwa zamu. Kiongozi wao, Syombua Ndolo, mwenye miaka sitini na mitatu, bado analizungumzia jambo hilo kwa masikitiko.

"Niliwaambia, hiyo waya ni ya hospitali, asiiguse mtu na jembe," anasema. "Tukaitoa polepole. Tukaikunja vizuri kama kamba ya ng'ombe, tukaiweka juu isikanyagwe. Tulidhani tumesaidia. Mwanangu, kama mngetuambia haitaki kukunjwa, si tungeiwacha hivyo?"

Hakuna aliyewaambia. Uzi wa kioo ukikunjwa sana nuru huvuja. Asubuhi kukiwa shwari, kidogo kilichobaki kilitosha. Alasiri upepo ulipolitikisa tawi, hakikutosha. Kompyuta ya Wanza haikuwa chanzo cha tatizo.

Nthenya aliikunjua kebo na kuilaza upya kwa dakika arobaini. Kisha akatoa simu, akaandika: *Matengenezo ya kawaida.*

Hapa ndipo anaposimamisha kazi kidogo na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Ile ya Machi naweza kusema nilikuwa mvivu," anasema. "Hii ya Mei, hapana. Nilijua. Nilisimama pale na ile kamba ya mkonge mkononi, nikajua, nikaandika uongo."

Julai alipita soko la Tala kununua vitunguu. Muuzaji akamwita, "Fundi! Umepotea wapi?" Alikuwa Wanza. Alimpimia kilo moja, akamwongezea vitunguu viwili vikubwa juu.

"Ile mtandao ilitulia nilipoondoka?" Wanza aliuliza.

"Ilitulia," Nthenya akajibu.

"Basi kweli ni mimi nilikuwa naharibu."

Nthenya alichukua vitunguu akaenda. Anasema vilioza jikoni, hakuweza kuvikata.

Ilimchukua hadi wiki jana kurudi sokoni. Wanza alikuwa anapanga bidhaa zake juu ya gunia.

"Hukuharibu kitu," Nthenya alimwambia. "Ilikuwa kebo. Nimejua tangu Mei."

"Mei?"

"Mei."

"Na Julai ukanunua vitunguu zangu."

"Nilinunua."

"Na nikakuongezea mbili." Wanza hakuacha kupanga. "Unajua mimi siku hizi sishiki hata simu ya mtoto? Naogopa nitaharibu. Nikitaka kutuma pesa, nampa bwana yangu atume. Watu wananiita Mama Virusi hapa, nacheka nao."

Nthenya alianza kusema pole.

"Pole usiniletee sokoni," Wanza alimkata. "Ipeleke pale uliponisemea."

Ameipeleka. Alhamisi aliandika ripoti ya pili, kurasa mbili kwa mkono, nakala moja kwa kampuni na nyingine kwa kamati ya zahanati. Msimamizi wake, Maundu, aliisoma akiwa amesimama. "Hii maneno ilikuwa imeisha," alimwambia. "Unajichimbia kaburi ya nini? Ungeniuliza kwanza." Nthenya bado hajui kama atabaki na pikipiki. Pesa za zile ziara tatu ameomba zikatwe.

Mwenyekiti wa kamati, Aloys Muli, anathibitisha kwamba jambo hilo litajadiliwa Jumamosi. Kuhusu kumrudisha Wanza hatoi ahadi. "Huyo binti tulimfukuza kwa sababu ya karatasi," anasema. "Sisi pia hatukutoka nje kuangalia. Fundi aje aisome hiyo nyingine mbele yetu, na mbele ya Wanza."

Nthenya atakwenda. Kwa habari hii aliulizwa kama angependa jina lake lifichwe, akakataa. "Jina la Wanza halikufichwa," anasema.

Karibu na duka la pembejeo vidole vyake vinasimama. Panya wameitafuna kebo chini ya kizingiti. Anaikata, anaiunga, anapima nuru, na ndipo anapobisha hodi kwa mwenye duka, magoti yake yakiwa na tope.

Anachokitumainia ni kwamba siku moja simu italia, iwe ni zahanati, na sauti iwe ya Wanza.

Pale sokoni, wiki jana, alimwambia hivyo. Wanza alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Wakinirudisha, na ipotee tena, nitakupigia wewe," alisema. "Lakini ukija, usije kwa meza yangu. Anzia nje."